Toka Shinyanga hadi Geita kwa Kusoma Matairi

Msafiri atokaye Shinyanga kwenda Geita, ndugu msomaji, kwa kawaida huambiwa atazame juu na mbele. Huambiwa aangalie anga pana la Usukuma, mashamba ya pamba, mawe makubwa ya Misungwi yaliyopandana kana kwamba yamepangwa na majitu, na mwishowe maji ya Ziwa Viktoria. Yote hayo yanastahili kutazamwa. Lakini leo tunakuomba ufanye kinyume: inamisha macho, utazame pale ardhi inapokutana na mpira.

Sababu ya ombi hilo ni hii. Katika miji ya Shinyanga, Kahama na Geita wako wafanyakazi wengi, hasa vijana wa migodini na wafanyabiashara wa madini, ambao wamejinunulia magari yenye injini za nguvu yaliyokwisha kutumika Japani na Ulaya. Baadhi ya magari hayo huvaa matairi yasiyolingana: ya mbele membamba, ya nyuma mapana. Mwenye gari huenda asijue jambo hilo mpaka siku tairi linapopasuka. Hapo huenda dukani, huulizwa namba asiyoijua, na mara nyingi hujibiwa kuwa tairi lolote litafaa mradi liingie kwenye rimu. Uamuzi unaokatwa kwa nusu saa dukani hubebwa na mke na watoto kwa maelfu ya kilomita. Basi yafaa tuzungumze.

WAKUBWA NYUMA, WADOGO MBELE

Mji wa Shinyanga uko kandokando ya reli itokayo Tabora, ambayo ilifika Mwanza mwaka 1928. Lakini anayeshuka kituoni haoni reli tu, huona baiskeli. Hapa ndipo penye sifa ya baiskeli za abiria, zile ambazo wenyeji waliziita daladala muda mrefu kabla pikipiki hazijazichukulia wateja. Chunguza magurudumu ya baiskeli hizo. La mbele na la nyuma ni ya inchi 28, na tairi ni moja. Mpanda baiskeli akiona la nyuma limelika, huweza kulihamishia mbele na la mbele kulileta nyuma, akapata miezi mingine ya kazi. Baiskeli haina tairi la mbele wala la nyuma; ina matairi mawili tu.

Sasa tazama pikipiki iliyoegeshwa pembeni yake. Nyingi za aina ya Boxer zimeandikwa 2.75-17 kwenye tairi la mbele na 3.00-17 kwenye tairi la nyuma. Maana yake ni kwamba rimu zote mbili ni za inchi 17, lakini mpira wa mbele una upana wa inchi mbili na robo tatu, na wa nyuma una upana wa inchi tatu. Michoro yake pia ni mbalimbali. La mbele lina mistari mirefu inayofuata mwendo, maana kazi yake ni kuongoza. La nyuma lina vinundu vilivyokatwakatwa, maana kazi yake ni kusukuma, na tena ndilo linalobeba abiria, gunia la mpunga, na pengine abiria mwingine ambaye sheria haimtambui.

Ukitoka mjini ukaingia kwenye mashamba ya pamba, utaona jambo hilo hilo limekuzwa. Trekta la Massey Ferguson 135, ambalo wazee wa vyama vya ushirika wanalikumbuka vizuri, lilivaa mbele matairi madogo ya 6.00-16 na nyuma makubwa ya 12.4-28. Hakuna mkulima aliyehitaji kusomea shule ili aelewe sababu. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa hunata na kudidimia. Gurudumu linalovuta jembe lazima likanyage eneo kubwa, ama sivyo litachimba shimo na kukaa ndani yake. Gurudumu la mbele halivuti kitu. Linahitaji wepesi wa kukata kona mwishoni mwa shamba.

Hiyo ndiyo kanuni nzima, ndugu msomaji. Gurudumu lisukumalo hupewa upana, na gurudumu liongozalo hupewa wepesi. Wahandisi wa magari ya kasi hawakuvumbua jambo jipya. Walichukua hekima ya trekta wakaipeleka kwenye lami.

NAMBA ZILIZOANDIKWA UBAVUNI

Tuchukue mfano ulio wazi. Baadhi ya magari ya BMW ya mfululizo wa 3 hutoka kiwandani yakiwa na matairi ya 225/45R17 mbele na 255/40R17 nyuma. Namba hizi si fumbo. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu wake kikihesabiwa kama asilimia ya upana huo. Herufi R hueleza kwamba nyuzi za ndani zimepita moja kwa moja kutoka ubavu hadi ubavu, mtindo uitwao radial. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Sasa tupige hesabu. Tairi la mbele lina ubavu wa milimita 101 hivi, yaani asilimia 45 ya 225. La nyuma lina ubavu wa milimita 102, yaani asilimia 40 ya 255. Ukijumlisha mbavu mbili na rimu, tairi la mbele lina kimo cha milimita 634.3 na la nyuma milimita 635.8. Tofauti ni milimita moja na nusu! Tairi la nyuma ni pana zaidi kwa milimita 30, lakini kwa urefu yanakaribia kulingana. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mtu anaposikia kwamba nyuma kunahitaji tairi kubwa, hununua lenye namba kubwa ya kwanza bila kutazama ya pili. Akiweka nyuma 255/45 badala ya 255/40, gari litainuka nyuma, na kipima mwendo kinachofuata magurudumu hayo kitamwambia uongo.

Baada ya namba hizo hufuata nyingine ndogo, kama vile 91W. Hiyo 91 ni kipimo cha mzigo: tairi moja laweza kubeba kilo 615. Herufi hueleza mwendo wa juu ambao tairi limejengwa kustahimili: T ni kilomita 190 kwa saa, H ni 210, V ni 240 na W ni 270. Usishangae ukajiuliza nani ataendesha kilomita 270 kwa saa kati ya Tinde na Kahama. Herufi hiyo hueleza pia uwezo wa tairi kustahimili joto, na joto ni adui mkubwa wa mpira katika nchi hii ya jua kali. Kwa hiyo, anayebadilisha tairi asishuke chini ya kipimo cha mzigo wala cha mwendo kilichowekwa na mtengenezaji wa gari. Vipimo hivyo, pamoja na kiasi cha upepo, hubandikwa kwenye karatasi ndogo katika mwimo wa mlango wa dereva au huandikwa katika kitabu cha gari.

FAIDA NA GHARAMA YAKE

Kwa nini basi gari livalishwe matairi ya namna mbili? Gari ambalo injini yake huzungusha magurudumu ya nyuma, dereva anapokanyaga mafuta, uzito wake huegemea nyuma. Tairi pana hushika barabara wakati huo bila kuteleza. Tena, gari la namna hiyo likipoteza mshiko nyuma huzunguka kama pia, na ni madereva wachache wanaoweza kulirudisha njiani. Likipoteza mshiko mbele, hukataa tu kukata kona. Dereva huhisi usukani umelegea, naye hupunguza mwendo. Wahandisi wanapendelea kosa la pili kuliko la kwanza, ndiyo maana huongeza mshiko upande wa nyuma.

Lakini kila faida ina bei. Mwenye gari la matairi manne yaliyo sawa huweza kuyahamisha ya mbele nyuma na ya nyuma mbele kila baada ya kilomita elfu kumi hivi, yakalika kwa usawa kama ya ile baiskeli ya Shinyanga. Mwenye matairi yasiyolingana hawezi. Matairi yake ya nyuma, yanayosukuma, huisha kwanza. Na hapa pana hatari ambayo haionekani. Ukikata usukani, tairi la mbele hugeuka nje likakuonyesha uso wake. Meno yake yakiwa mazuri unaridhika. La nyuma limejificha chini ya bodi. Huenda limekwisha kuwa kipara, na bado dereva anajisifu kwamba matairi yake ni mapya. Mvua ya kwanza ya Novemba inapoanguka juu ya lami yenye vumbi na mafuta, ndipo ukweli unapojitokeza, na unajitokeza upande wa nyuma, pale walipoketi watoto.

Kuna gharama nyingine pia. Tairi la akiba haliwezi kufanana na ya mbele na ya nyuma kwa pamoja. Tena, tairi la 195/65R15 hupatikana karibu kila duka, maana huvaliwa na magari mengi ya kawaida; lakini la 255/40R17 yaweza kumlazimu mtu kuagiza kutoka Mwanza au Dar es Salaam, na kungoja. Katika kungoja huko ndiko kishawishi cha kuvaa lolote linaloingia kinapozaliwa.

Na wale wenye Subaru, ambazo nyingi injini yake huzungusha magurudumu yote manne, wajihadhari zaidi. Gari la namna hiyo linataka matairi manne yenye kimo kimoja, na yaliyolika kwa kiasi kinachokaribiana. Likivalishwa makubwa nyuma na madogo mbele kwa ajili ya urembo, magurudumu ya mbele yatalazimika kuzunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita, na difu ya kati itafanya kazi bila kupumzika mpaka ipate moto na kuharibika. Bei ya kuitengeneza hupita bei ya matairi yote manne. Urembo wa namna hiyo ni ghali mno.

BARABARA INASEMAJE?

Tuendelee na safari. Kutoka Shinyanga kwenda kaskazini barabara ya lami hupita Maganzo, mlango wa Mwadui. Hapo ndipo mjiolojia wa Kikanada, Dakta John Williamson, alipogundua almasi mwaka 1940, na mwaka 1947 ikapatikana ile almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5 ambayo ilipelekwa Uingereza kuwa zawadi ya arusi ya Binti Mfalme Elizabeth. Pembeni mwa njia utaona vichaka vya ngitili, malisho yaliyohifadhiwa kwa desturi ya Wasukuma, ambayo mradi wa HASHI ulioanzishwa mwaka 1986 uliyafufua baada ya ardhi kuwa uchi. Nchi ni tambarare, barabara imenyooka, na mguu wa dereva kijana hushuka wenyewe juu ya pedeli.

Lakini lami ya nchi tambarare ina siri zake. Udongo wa mbuga hujaa unaponyeshewa na kupasuka unapokauka. Kingo za barabara humeguka, mashimo hutokea ghafula, na mahali penye matengenezo magari huelekezwa kwenye mchepuko wa changarawe. Anayechagua njia ya pili, ya kupitia Tinde, Isaka na Kahama, hukutana na malori yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo. Na toka Kahama kupitia Kakola, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, kwa miaka mingi njia ya Geita imejulikana kwa vumbi lake wakati wa kiangazi na utelezi wake wakati wa masika.

Katika barabara za namna hiyo, ubavu wa tairi ndio mto unaopokea pigo. Tairi la 255/40R17, kama tulivyoona, lina milimita 102 tu kati ya rimu na jiwe. Lile la kawaida la 195/65R15 lina milimita 127. Na hili ni jambo la kushangaza kidogo: kimo chake chote ni milimita 634.5, yaani sawasawa na lile la 225/45R17! Rimu imepungua inchi mbili, na mpira umechukua nafasi ya chuma. Kwa hiyo mwenye gari ambalo mtengenezaji wake ameruhusu rimu ndogo zaidi, na ambalo breki zake zinaingia ndani ya rimu hiyo, hana haja ya kuona aibu kuishusha. Aina nyingi za magari ya kasi zilitengenezwa pia kwa mpango wa matairi manne yanayolingana. Anayeishi mahali penye changarawe akichagua mpango huo, atarudishiwa ile haki ya baiskeli: kuhamisha matairi yake na kuwa na tairi la akiba lifaalo kokote.

Asidhani mtu kwamba kushusha rimu ni kushusha hadhi. Tazama mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 na kwa miaka mingi yakapita katika nchi zetu tatu za Afrika Mashariki. Mwaka 1974 Joginder Singh alishinda akiwa na Mitsubishi Lancer ndogo, huku Porsche 911 ya Björn Waldegård ikishika nafasi ya pili. Mashindano hayo yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Kenya, magari yake yalikuwa na nguvu nyingi kupita yale ya zamani. Hata hivyo, katika mashindano ya dunia magari hayo huvaa rimu za inchi 18 kwenye lami na za inchi 15 kwenye changarawe. Nayo huvaa ukubwa mmoja mbele na nyuma, kwa kuwa huendeshwa na magurudumu manne. Ikiwa mabingwa wa dunia hushusha rimu zao wanapoingia kwenye vumbi, sisi tunaokwenda kumsalimia bibi Sengerema tunajivunia nini?

MAWILI MAPYA YAWEKWE WAPI?

Si kila mfanyakazi aweza kununua matairi manne kwa pamoja. Mshahara ni mmoja, na ada za shule hazingoji. Mwenye gari la matairi yanayolingana aliyepata fedha za matairi mawili tu hujiuliza: yawekwe mbele au nyuma? Wengi hujibu mbele, kwa kuwa ndiko kwenye usukani, na kwa magari mengi madogo ndiko injini inakosukuma. Watengenezaji wa matairi wanashauri kinyume: mapya yawekwe nyuma. Sababu ni ile ile tuliyokwisha kuieleza. Kwenye maji, tairi lililolika huelea juu ya barabara badala ya kuikanyaga. La mbele likielea, dereva hupata habari kupitia usukani. La nyuma likielea, hapati habari yoyote mpaka gari limekwisha kugeuka.

Upana nao huongeza hatari hiyo. Tairi pana lina maji mengi zaidi ya kuyasukuma kando, na likiwa limelika halina mifereji ya kuyapitisha. Kiwango cha chini cha kina cha meno kinachotumika katika nchi nyingi ni milimita 1.6, na ndani ya mifereji ya tairi kuna vidaraja vidogo vya mpira vilivyowekwa kwa kimo hicho hicho. Meno yakishuka mpaka yakalingana na vidaraja hivyo, tairi limekufa, hata kama halijapasuka.

CHAPA IPI?

Wasomaji wengi hutaka waambiwe chapa moja iliyo bora. Hakuna. Zamani jibu lilikuwa jepesi, kwa kuwa tulikuwa na kiwanda chetu cha General Tyre mjini Arusha, kilichoanza kufyatua matairi mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kusimama mwishoni mwa miaka ya 2000. Wenzetu wa Kenya nao walikuwa na kiwanda cha Nairobi kilichoanza kwa jina la Firestone na baadaye kutoa matairi ya Yana, mpaka uzalishaji uliposimamishwa mwaka 2016. Siku hizi madukani tunakuta Bridgestone, Yokohama na Dunlop, Michelin, Pirelli na Continental, Hankook na Kumho za Korea, Apollo na MRF za India, pamoja na Linglong na Triangle za China. Bei zimetofautiana mno, na si kila lililo ghali linafaa changarawe; tairi laini la gari la mbio hushika lami vizuri, lakini hulika upesi na hukatwa na mawe.

Badala ya kuuliza chapa, uliza mambo matatu. Kwanza, je, matairi mawili ya ekseli moja yana chapa moja, mchoro mmoja na umri unaokaribiana? Tairi la kushoto na la kulia yakishika barabara kwa nguvu tofauti, gari litavuta upande mmoja siku utakayofunga breki kwa ghafula. Inafaa zaidi yote manne yawe ya chapa moja, hata kama upana wa mbele na wa nyuma si mmoja.

Pili, lilitengenezwa lini? Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yaanzayo na herufi DOT, kuna tarakimu nne. Ukikuta 2319, tairi hilo lilitoka kiwandani katika wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani, na huzeeka upesi zaidi ukianikwa juani kama mihogo. Watengenezaji wakubwa hushauri tairi lichunguzwe na fundi kila mwaka baada ya miaka mitano, na lisipite miaka kumi kwa hali yoyote, pamoja na lile la akiba. Tairi la mtumba lenye meno mazuri laweza kuwa mzee aliyevaa meno ya bandia.

Tatu, je, lina mshale? Matairi mengine yamechorwa kuzunguka upande mmoja tu, na mshale huonyesha upande huo. Likifungwa kinyume, mifereji yake haitoi maji inavyotakiwa.

HADI GEITA

Tukifika Usagara, tunaiacha njia ya Mwanza mjini na kuelekea Kigongo. Kwa miaka mingi msafiri alisimama hapo kungoja kivuko cha kwenda Busisi, pengine saa kadhaa, akila samaki wa kukaanga na kunung'unika. Tangu tarehe 19 Juni 2025, Daraja la J. P. Magufuli lenye urefu wa kilomita 3 limeyaunganisha maeneo hayo, na anayevuka hutumia dakika chache tu. Ni neema kubwa kwa wagonjwa na wafanyabiashara. Lakini kivuko kilikuwa na huduma moja ambayo hakikuilipiza: kiliyapumzisha matairi. Siku hizi dereva aweza kutoka Shinyanga akafika Geita bila kusimama, na joto la matairi likapanda kilomita hadi kilomita. Basi jitengenezee kivuko chako mwenyewe. Simama mahali salama ukishavuka, zunguka gari, na usogeze kiganja karibu na kila tairi. Lililo la moto kuliko wenzake lina upungufu wa upepo au lina ugonjwa mwingine. Ila usipunguze upepo wa tairi lililopata moto. Upepo hupimwa asubuhi, tairi likiwa baridi.

Geita ilikuwa wilaya mpaka mwaka 2012, ilipofanywa mkoa. Dhahabu yake ni ya zamani. Mgodi wa wakoloni ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Mwaka 2019 mji ulipata soko lake la dhahabu, ambako wachimbaji wadogo wa Nyarugusu na Mgusu huweza kuuza mali yao mbele ya mizani ya serikali.

Katika migodi ya wazi mfano wa huu ndimo yanamopatikana matairi yanayomfanya mtu ajione sisimizi. Lori la kubebea mawe la Caterpillar 777, aina inayotumika katika migodi mingi duniani, huvaa matairi ya 27.00R49. Kila moja lina kimo cha mita 2.7 hivi, na rimu yake ina inchi 49. Na hapa tunapata somo la mwisho kuhusu mbele na nyuma. Lori hilo halina makubwa nyuma wala madogo mbele. Matairi yake sita ni ya ukubwa mmoja: mawili mbele na manne nyuma. Likishapakiwa, theluthi moja ya uzito wake huwa mbele na theluthi mbili nyuma. Gawa mwenyewe, msomaji: kila tairi hubeba sehemu moja ya sita. Badala ya kupanua tairi, wahandisi wameongeza idadi, na kwa hiyo tairi moja la akiba hufaa popote.

Lakini la kujifunza zaidi ni nidhamu inayoyazunguka matairi hayo. Katika kazi ya migodi, uzito wa mzigo huzidishwa na mwendo wa wastani ili kujua joto ambalo tairi litapata, na kila tairi lina kipimo chake ambacho halitakiwi kukipita. Upepo hupimwa, mawe yaliyoanguka njiani huondolewa, na mwendo huwekewa mpaka. Dereva anayepuuza hupoteza kazi.

Ajabu ni kwamba mfanyakazi yule yule, aliyeshika nidhamu hiyo siku sita, huenda siku ya saba akaingia katika gari lake mwenyewe, lenye matairi asiyoyajua umri, upepo uliopimwa kwa teke la kiatu, na familia nzima ndani, akaikimbiza lami ya Sengerema kama anayefukuzwa. Mawe ya mgodi yanabebwa kwa hadhari kuliko watoto! Hilo halihitaji sheria mpya. Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu mwaka 1973. Linahitaji mtu aichukue hekima ya kazini, arudi nayo nyumbani.

Tairi likishatimiza kazi yake, watu wa nchi hii hawalitupi. Hukatwa likawa katambuga zinazomvusha mchungaji juu ya miiba, na tyubu yake ikawa mipira ya kufungia mizigo kwenye baiskeli. Rimu kuukuu hutundikwa mtini ikawa kengele ya shule. Hayo ni mazishi ya heshima, mradi tairi liwe limestaafu kwa wakati wake, lisilazimishwe kufanya kazi mpaka likafia barabarani pamoja na abiria.

Basi Jumapili hii, kabla jua halijawa kali, mchukue mwanao mkubwa mkazunguke gari, au pikipiki kama ndiyo mali yenu. Mpe daftari aandike namba za mbele, namba za nyuma, na zile tarakimu nne za wiki na mwaka kwa kila tairi, pamoja na la akiba. Kisha fungua mlango wa dereva, mzilinganishe na karatasi iliyobandikwa. Mkikuta tofauti, mtakuwa mmejua jambo la kumuuliza fundi kesho asubuhi, kabla ya safari.